Yule dada wa kwenye kasha la kaseti

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye kichen pati ya binti wa jirani. MC alishachoka kutangaza zawadi, DJ akaona atuamshe: akaweka "Pump Up the Jam". Mabinti wakaendelea na biriani yao. Sisi mama zao tukavua viatu.

Mwaka 1990 nilikuwa darasa la sita, tunakaa Magomeni. Kaka yangu alikuwa akibeba maspika ya disko toto kila Jumapili mchana, na ujira wake ulikuwa kuazimwa kaseti hadi Jumatatu. Siku moja akaja na ya Technotronic, kundi la Ubelgiji lenye wimbo huo, orijino, ina kasha lake la rangi. Kwenye kasha pana dada mweusi, kavaa nguo za kuwaka, kasimama kama mtu asiyeogopa kupigwa na mama yake. Bara wakati huo hatukuwa na televisheni, ITV ilikuja 1994, kwa hiyo lile kasha ndiyo ilikuwa video yetu. Nikajua huyu ndiye anayeimba. Mpaka nywele nikambana mama anisuke kama zake. Alikataa.

Baadaye nikaenda kuiona video yenyewe kwa jirani mwenye deki. Dada yule yule, anacheza, midomo inakwenda sambamba na maneno. Ushahidi gani zaidi?

Kumbe sauti si yake. Yule ni Felly, mwanamitindo wa Kikongo. Anayechana mistari ni Ya Kid K, Manuela Kamosi kwa jina la kuzaliwa, mtoto wa Kinshasa aliyehamia Ubelgiji akiwa na miaka 11. Mdundo ulitengenezwa na Jo Bogaert, Mbelgiji, na yeye Ya Kid K ndiye mwandishi mwenzake wa wimbo. Ulipotoka mwaka 1989 alikuwa na miaka 17. Kumi na saba! Mimi kwa umri huo nilikuwa naandika barua za mapenzi na kuzichana.

Uingereza wimbo ulifika namba 2. Mapema 1990 ukafika namba 2 tena Marekani, kwenye Billboard Hot 100, chati yao kuu ya nyimbo, na hapo ndipo huwa nashangaa zaidi. House, muziki wa dansi ambao wimbo huu umejengwa juu yake, ilizaliwa Chicago, Wamarekani weusi ndio wenye nayo, lakini muda mrefu ilibaki muziki wa klabu. Halafu wanakuja Wabelgiji na binti wa Kinshasa, wanapachika rap juu ya mdundo huo, wanawarudishia wenyewe redioni mchana kweupe.

Na sikiliza jinsi anavyochana. Hapambi, habembelezi. Anakuamuru, kama konda anayekusogeza ndani ya daladala iliyojaa. Besi inazunguka palepale dakika zote, hakuna pa kupumzikia, kinachobadilika ni yeye tu. Ondoa sauti ile, linabaki zoezi la kinanda. Ndiyo maana suala la kasha linanikera hadi leo. Wengine watasema biashara ni biashara, na mwaka huohuo 1989 Black Box, kundi la dansi la Italia, walifanya mchezo kama huo na "Ride on Time": mwanamitindo mbele ya kamera, koo la mwimbaji wa Marekani Loleatta Holloway nyuma. Sawa. Ila Felly simlaumu hata kidogo, mtu kaitwa kazini kaenda kazini.

Wimbo uliofuata, "Get Up! (Before the Night Is Over)", Ya Kid K akaonekana kwenye video mwenyewe. Nao Uingereza ukagonga namba 2. Basi sura yake haikuua soko.

Nilimpigia kaka kumweleza haya miaka kadhaa iliyopita, yuko Morogoro siku hizi. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Kwa hiyo ile picha niliyoikata nikabandika mlangoni ilikuwa ya nani?" Hapo ndipo nikajua kwa nini lile kasha lilirudishwa tupu, na kwa nini alinyimwa kaseti mwezi mzima.

Pale kichen pati, besi ilipokolea nikamwinamia jirani yangu sikioni, nikapaza sauti: "Huyu dada ni wa Kinshasa!" Akaitikia kwa kichwa, akanijibu chumvi kweli imezidi.