Alhamisi niliyokosa

Leo mfungwa ninayemtibu amenipa mgongo dakika 40 nzima.

Alhamisi iliyopita sikwenda gerezani. Malaria ilinilaza, na ujumbe nilioomba apelekewe haukumfikia. Leo nimeshuka teksibisi chini ya jakaranda, maua yamejaa njia nzima, mimi nawaza dawa za kifafa nilizobeba, sabuni, na wagonjwa wawili wapya. Yeye sikumuwaza. Nilipoingia kile chumba kidogo tunachopewa, akageuza kiti kikatazama ukuta, akakaa kimya.

Zamani ningesema, haya, siku ukitaka kuongea utaniita, nikaondoka. Leo nimebaki. Kitambo kidogo nikaona anarudisha mkono wa kushoto nyuma, bila kugeuka, kiganja juu. Juu ya kifundo palikuwa na mikato miwili mipya kando ya makovu ya zamani. Nikaiosha kwa maji ya chumvi, nikafunga bandeji. Uso wake sikuuona. Mkono ulikuwa unatetemeka kama wa mtoto mwenye homa.

Wenzangu tunaandikiana jina la ugonjwa wake kwa Kifaransa. Kwa mama yake nasema ana tatizo la haiba, halafu inanibidi nieleze: si wazimu, hasikii sauti, haoni mizuka. Ni namna ya kuhisi na kuishi na watu iliyopinda tangu ujanani, kama mfupa ulioungwa vibaya. Unautembelea, ila kila hatua inakuumiza wewe na aliye karibu nawe. Na aliye karibu naye aliumia kweli. Kuna mwanamke kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ana kovu la kisu cha huyu mgonjwa wangu. Huyo mama simsahau, na nikimtibu huyu mtu namfikiria pia yule atakayekaa naye siku akitoka.

Mlinzi mmoja huniambia, "Mama, huyo si mgonjwa, ana roho mbaya tu." Mwingine anataka nimchome sindano atulie. Haloperidoli, dawa ya wenye wazimu, itamlaza, lakini haitamfundisha kungoja. Miongozo ya tiba ya Uingereza ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba dawa zisitumiwe mahsusi kwa tatizo hili. Akiwa na huzuni kubwa au ugonjwa mwingine, hapo dawa ina kazi. Na si yeye peke yake: mwaka 2002 Fazel na Danesh walikusanya tafiti za magereza ya nchi 12, nyingi za Magharibi, wakakuta wanaume wafungwa 65 katika kila 100 wana tatizo la haiba la aina fulani. Gereza lisilo na tiba ya maneno linawarudisha nyumbani vilevile walivyoingia.

Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, alijenga tiba yake ya watu kama huyu juu ya maneno mawili yanayovutana: nakukubali ulivyo, na lazima ubadilike. Mwaka 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa akiwa msichana, akijikata na kujichoma. Hilo nalikumbuka kila ninapofunga bandeji. Uholanzi nako, wanaume 103 wenye tatizo la haiba katika hospitali za ulinzi mkali walifuatiliwa miaka 3, na waliopewa tiba ya skima, tiba ya maneno inayogusa mazoea ya tangu utotoni, walipiga hatua haraka zaidi. Miaka 3, na watu waliofunzwa. Mimi nina Alhamisi.

Kinachonichosha zaidi si hasira yake. Mwaka jana alimwambia mwenzangu kwamba nimemwahidi kumtoa kwa hakimu, akaniambia mimi kwamba mwenzangu ananisema vibaya. Tulinuniana wiki mbili, watu wazima, kila mmoja akiamini yeye ndiye anayemwelewa. Baadaye mama yake alinisimulia nyumba aliyokulia: baba wa kuogopwa, shangazi wa kukimbilia, na mtoto katikati akijifunza kumpata mmoja kwa kumchongea mwingine. Hakuna aliyemfundisha njia nyingine ya kuomba. Tukanunua kaye moja, daftari la shule. Ahadi yoyote mmoja wetu anayompa inaandikwa humo, na mwenzake anaisoma kabla ya kuingia. Naiamini kaye hiyo kuliko sindano.

Muda ulipokuwa unaisha nikamwambia, "Papa, nilikosa. Niliugua, na habari haikukufikia. Ulibaki unangoja."

Akauambia ukuta, "Ulisema Alhamisi, mama munganga," yaani mama tabibu.

"Nilisema."

Nikachana karatasi kwenye kaye, nikaandika: Alhamisi, saa nne. Nikiugua, atakuja mwenzangu. Jina la mwenzangu nikaliweka chini kwa herufi kubwa. Nikamwachia mezani, nikakusanya vitu vyangu. Nilipofika mlangoni nikasikia kiti kinageuka. Alikuwa ameikunja mara nne, anaitia ndani ya soksi.