Namba ya Planck kwa taa za LED

Walimu wa fizikia, kwanta (fizikia ya nishati inayokuja kwa vipande vipande) haihitaji maabara ya mamilioni. Namba ya Planck, inayounganisha nishati ya mwanga na frikwensi yake (idadi ya mawimbi kwa sekunde), inapimika kwa vitu hivi: Betri ya volti 9, potenshiomita (kitufe cha kurekebisha volti) ya kiloomu 1, rezista ya omu 330, voltimita, LED nyekundu (urefu wa wimbi nanomita 630) na ya bluu (470). Basi.

Rezista ikae mfululizo na LED, usiiache, taa itaungua. Waya za voltimita ziguse miguu ya LED, siyo betri, la sivyo utasoma pia volti zinazopotelea kwenye rezista. Chungulia taa kupitia kibomba cha karatasi nyeusi, pandisha volti polepole, andika pale mwanga unapoanza tu kuonekana. Chumba chenye mwanga mwingi kitakupa namba kubwa kuliko stahili.

Nyekundu huwaka kwenye volti 1.7 hivi, bluu karibu 2.4. Gawanya tofauti, 0.7, kwa tofauti ya frikwensi (kasi ya mwanga gawanya kwa urefu wa wimbi), 1.62 × 10¹⁴, kisha zidisha kwa chaji ya elektroni, 1.6 × 10⁻¹⁹. Unapata namba ya Planck, 6.9 × 10⁻³⁴; thamani rasmi ni 6.626 × 10⁻³⁴. Kwa vifaa hivi, hiyo ni kazi safi sana!

Kwa fizikia ya kale, nishati ya mwanga ni ukali wake, rangi haihusiki. Hapa rangi ndiyo inayoamua volti za kuwasha taa. Ila kwenye rezista ileile sheria ya Ohm inafanya kazi bila shida, kwa kuwa miliampea 1 tu ni elektroni zaidi ya 6 × 10¹⁵ kwa sekunde, na wingi huo huficha chembe mojamoja.

LED nyeupe msitumie: ndani ni bluu iliyopakwa fosfori, unga unaogeuza sehemu ya mwanga wa bluu kuwa rangi nyingine.