Binti wa Amidei na Busu la 1280

Mvua ilikuwa imekatika nilipofika mtaa wa Por Santa Maria, hatua chache kabla ya daraja la Ponte Vecchio, Florence. Wenzangu walikimbilia maduka ya dhahabu darajani. Mimi nilibaki kuutazama mnara wa akina Amidei, wenye vichwa viwili vya simba vya marumaru ukutani.

Kisa chao kilianzia karamuni. Ugomvi ulizuka, Buondelmonte, kijana wa ukoo mwingine wa mji huu, akamjeruhi Oddo Arrighi, jamaa ya akina Amidei, mkono kwa kisu. Ndugu na jamaa wakataka yaishe kwa ndoa: Buondelmonte amwoe mpwa wa Oddo, binti wa akina Amidei. Akakubali, kisha akamwacha binti wa watu kwenye mataa na kwenda kuposa kwa akina Donati. Siku ya Pasaka, 1216, alipovuka daraja hili, akina Amidei na wenzao wakamwangusha kutoka juu ya farasi wakamuua. Masimulizi ya mji yanasema ndipo Florence ilipogawanyika, huku Guelfi, upande wa Papa, kule Ghibellini, upande wa mfalme mkuu (kaisari).

Anayenikaa moyoni ni yule binti. Kwanza alifanywa fidia ya jeraha la mjomba wake, halafu aibu yake ikawa sababu ya kumwaga damu. Hakuna aliyemuuliza.

Nikapanda hadi Bargello, jengo lililoanza kujengwa 1255, baadaye makao ya podestà. Huyu alikuwa hakimu na mtawala aliyeletwa kutoka mji mwingine kwa muda mfupi, asiwe na shemeji wala jirani wa kumwonea haya. Minara nayo iliamriwa mwaka 1250 ikatwe, isizidi dhiraa 50, kama mita 29, kwa sababu koo zilipigania humo kama ngomeni.

Jioni, nikisubiri treni, nilikaa uwanja wa Santa Maria Novella. Hapa, Januari 18, 1280, Kardinali Latino Malabranca aliwakutanisha wawakilishi wa pande zote mbili, wakabusiana mdomoni mbele ya umati. Mapatano yakaandikwa, wadhamini wakatajwa. Hayakudumu, lakini mimi siyadharau hata kidogo: waliofukuzwa walirudi majumbani mwao.

Nilijaribu kuwawazia wanaume wawili, kila mmoja amemzika ndugu yake, wakisogezeana nyuso. Treni yangu ilikuwa ya saa moja na nusu. Niliinuka pale saa moja na robo.