Versailles na fuvu la Mkwawa

Ukitaja Mkataba wa Versailles, ule wa 1919 wa kumalizana na Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wote wanakimbilia kwa Hitler na ile fidia, marki za dhahabu bilioni 132, na sibishi, ilikuwa bili ya kutisha, mikopo iliyotokana nayo Ujerumani imekuja kuimaliza Oktoba 2010, yaani watu tayari tuko Facebook. Lakini huku kwetu kifungu kilichotugeuza kinaitwa 119 na ni kifupi balaa. Kinasema tu Ujerumani inaachia haki zote za makoloni yake kwa wakubwa walioshinda, basi, imeisha hiyo.

Kwa kasentensi hako Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza, Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, na kale kapembe ka Kionga kusini ya mdomo wa Ruvuma akapewa Mreno, ndo maana leo kako Msumbiji. Nani aliulizwa? Hakuna. Na vita ilipiganwa hukuhuku, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, kasalimu amri Abercorn (siku hizi Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili nzima baada ya Ulaya kunyamaza, na waliokufa wengi hata hawakushika bunduki, ni wapagazi, makumi ya maelfu, wameondoka kwa kuhara na malaria na njaa huku wamejitwika mizigo ya ugomvi usiowahusu.

Sasa madhara yake ya muda mrefu hayakwenda njia moja. Rwanda ikaangukia kwa Wabelgiji ambao miaka ya 1930 waliwaandikia watu kabila kwenye vitambulisho, na 1994 kitambulisho kwenye kizuizi cha barabarani kilikuwa kinaamua uishi au ufe. Sisemi Versailles ndo ilileta mauaji ya kimbari, hapana, katikati kuna watu wengi walioamua mambo yao wenyewe kwa akili timamu. Tanganyika nayo kwa sababu ilikuwa dhamana tu, yaani nchi aliyokabidhiwa kuisimamia, siyo koloni kamili kama Kenya, Mwingereza alitakiwa kutoa ripoti kwa watu wa nje, kwanza Shirikisho la Mataifa kisha Umoja wa Mataifa, na mlango huohuo ndo Nyerere aliupitia 1955 kwenda New York kuongea mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Waliochora ule mpango 1919 nadhani hawakuiota hiyo hata siku moja.

Ila kinachonichekesha na kunikera kwa pamoja ni kifungu cha 246. Humo Ujerumani inaambiwa ndani ya miezi sita irudishe fuvu la Sultani Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani wakaondoka na kichwa chake. Wale wapagazi wote hawana hata mstari, mtu wetu aliyetajwa kwa jina katajwa kama fuvu! Halafu soma vizuri likabidhiwe kwa nani: serikali ya Mfalme wa Uingereza, siyo Wahehe. Miezi sita ikageuka miaka zaidi ya thelathini, mpaka Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipoenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen akachagua moja kati ya mafuvu kibao kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa, akaja kumkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, pale Kalenga karibu na Iringa Juni 1954. Kama ndilo lenyewe kweli, wapo wanaobisha mpaka leo, na kwa jinsi lilivyochaguliwa siwalaumu.