Buu la mzinga na usaha wa kijani

Mtajie nondo wa nta mfuga nyuki yeyote wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, atakunja uso. Nondo huyo hupenya mzingani usiku akataga mayai kwenye masega. Mabuu wake hutoboa nta huku na huku na kuacha utando mchafu, mpaka nyuki wanahama. Ami yangu ana mizinga upande wa Gede, na kila akikuta sega limeliwa hulikung'uta chini kuku wakajipatia. Siku hizi namwomba asiwape kuku wote.

Mimi nafanya kazi ya maabara hapa Malindi. Katika usaha wa vidonda vya moto nakutana mara kwa mara na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Ukimwotesha jioni, asubuhi unakuta sahani imegeuka kijani, na harufu tamu ya zabibu imekufikia hata hujainama. Dawa nyingi hazimuwezi. Sahani kama hiyo hunikosesha raha siku nzima, maana nyuma yake kuna mtu aliyeungua ambaye simjui kwa sura, na najua daktari wake amebakiwa na dawa chache za kuchagua.

Kumsoma bakteria huyo ndiko kulikonifikisha kwa buu. Kuna aina yake moja, PA14, iliyotoka kwa mgonjwa. Mwaka 1995 watafiti wa Boston walionyesha kwamba inaozesha majani ya mmea mdogo wa Arabidopsis na pia inaua panya, na kwamba baadhi ya jeni inazotumia kwa mmea ndizo hizo hizo inazotumia kwa panya. Mwaka 1999 ikaja zamu ya mnyoo Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja, ambaye chakula chake ni bakteria: ukimlisha PA14, anakufa. Mwaka 2000 wakajaribu buu la nondo wa nta. Walichukua bakteria walioharibiwa jeni moja moja, wakawadunga mabuu, wakalinganisha na panya. Kwa jumla, waliodhoofika kwa buu walidhoofika kwa panya pia.

Kwa nini mdudu atuambie habari za mwili wetu? Mdudu hana kingamwili, yaani zile protini za damu zinazolenga kijidudu fulani, wala hana zile seli zinazokumbuka ugonjwa na kuifanya chanjo ifae. Ana kinga ya kuzaliwa nayo tu: seli zinazomeza vijidudu, na protini ndogo zinazotoboa ngozi ya bakteria. Nasi tunayo kinga ya namna hiyo, na ndiyo inayopigana saa za mwanzo kabla ile nyingine haijaamka. Mwaka 1996 huko Strasbourg, Ufaransa, Bruno Lemaitre na wenzake katika maabara ya Jules Hoffmann walionyesha kuwa inzi wa matunda walioharibika jeni iitwayo Toll huuawa na kuvu Aspergillus, ambaye inzi wazima humshinda. Mwaka 1998 Bruce Beutler akaonyesha kwamba panya hutumia jeni ya ukoo huo huo kuwatambua bakteria. Nobel ya 2011 iliwafikia Hoffmann na Beutler, pamoja na Ralph Steinman.

Buu lenyewe linapendeza kulitazama. Ni jeupe la rangi ya maziwa, laini, urefu wa sentimita mbili hivi na zaidi kidogo. Nilipitisha sindano ya kushonea motoni, ikapoa, nikamchoma mmoja ubavuni kidogo tu. Kikatoka kitone cha majimaji angavu, na baada ya muda mfupi pale pale pakaota doa la kahawia, kisha jeusi. Ni melanini, rangi nyeusi ya mwili; kwayo anaziba jeraha na kuwafungia vijidudu humo humo. Maambukizi yakimzidi, weusi huo humwenea mwili mzima.

Faida yake nyingine ni joto. Yule mnyoo na inzi hawastahimili nyuzi 37, joto la mwili wetu. Buu hustahimili, na bakteria wengi hubadili tabia kwenye joto hilo. Tena ni mkubwa wa kutosha kudungwa dozi iliyopimwa, na halazimu nyumba ya panya, ambayo gharama yake haibebeki kirahisi. Kwa chanjo hafai. Kwa kuchuja dawa kumi ili mbili tu ziende kwa panya, anafaa sana, na nataka sana vyuo vyetu vya Pwani vianze.

Wanaoanza watenge kundi moja la kudungwa maji safi ya chumvi tu, wajue sindano yenyewe imeua wangapi. Mabuu wenye madoa tangu mwanzo wasitumike. Na kazi ya bakteria ibaki maabara, isifanywe darasani. Mwalimu wa bayolojia anayetaka wanafunzi waone lile doa jeusi, na sindano safi tu, sega nitampatia, ami anayo.