Wiki ya kumi ya goti langu, Ngamiani

Saa 11 alfajiri. Kabla sijashuka kitandani naweka kisigino juu ya mto, goti linabaki hewani, nakaza paja mpaka goti linyooke lote. Dakika kumi. Goti lisiponyooka mapema utachechemea mwaka mzima, niliambiwa, nami nimeshika hilo kama dozi. Kisha naswali nimekaa kwenye kiti. Wiki ya kumi tangu upasuaji na bado sijasujudu kwenye mkeka, jambo ambalo linaniuma kuliko goti lenyewe. Choo chetu nacho ni cha kuchuchumaa. Aliyebuni kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati Mungu amlipe.

Saa 12 na nusu. Baiskeli. Tanga hii nani hana baiskeli? Yangu ni Phoenix, ila siku hizi haiendi popote: naiegesha uani kwa stendi ya miguu miwili, gurudumu la nyuma linaelea, nakanyaga dakika ishirini. Watoto wa jirani wakipita kwenda shule: "Babu, bado hujafika tu?" Babu! Nina miaka 38.

Saa 2. Kibandani. Leo kuna kanzu mbili na sketi za shule. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Wiki za mwanzo nilitumia mguu mmoja, sasa yote miwili. Lakini nikikaa muda mrefu goti linajaa, kwa hiyo kila nikimaliza mkono wa kanzu nainuka, nazunguka meza ya kukatia, narudi.

Wateja huniuliza nani alinivunja. Hakuna. Ilikuwa mechi ya maveterani, nikageuka ghafla kumfuata mtu, mguu ukabaki pale pale, mwili ukaenda. Nikasikia "ko!" ndani ya goti. Kituo cha kwanza walipiga picha, wakasema mfupa mzima, umeteguka tu, wakanifunga plasta wiki tatu. Mfupa ulikuwa mzima kweli, ila eksirei haioneshi kano. Baadaye nikachuliwa, uvimbe ukaisha, nikarudi kazini, na goti likawa linaniachia nikishuka ngazi. Hadi daktari mmoja aliponilaza, akashika paja kwa mkono huu na muundi kwa mkono ule, akavuta. Mguu ukaja mbele kama mtoto wa meza. MRI, picha inayoonesha hata kano, niliifanyia Dar: kano ya mbele ya goti, ile watangazaji wa mpira wanayoiita ACL, imekatika yote.

Walinitengenezea nyingine, huko huko Dar. Walichukua kano za misuli ya nyuma ya paja langu mwenyewe, wakazikunja zikawa nyuzi nne, wakatoboa mfupa wa paja na wa muundi, wakazipitisha humo na kuzibana. Kazi yenyewe ilifanyika kwa matundu madogo, kwa kamera.

Saa 5. Maandazi na mbaazi. Nahodha wetu anaingia.

"Fundi, unatembea kama bwana harusi! Bonanza mwezi ujao. Goti linauma?"

"Haliumi."

"Sasa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na uzi mdomoni.

Saa 9. Kwa dada wa fiziotherapia. Napanda na kushuka kijukwaa mbele ya kioo, mara kumi na tano, huku yeye akiangalia goti lisilalie ndani. Nikamuuliza: dada, mbona haliumi na bado unanibana?

"Kwa sababu haliumi ndiyo maana nakuogopa, kaka fundi."

Akanieleza, nami nikalitafsiri kifundi. Daktari wa upasuaji amepiga bandi tu. Mshono wenyewe unashonwa na mwili, polepole: kano iliyohamishwa hukosa damu kwanza, hulegea, kisha mishipa midogo huiingia na kuijenga upya. Kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili hivi ndipo huwa dhaifu kuliko siku iliyowekwa, na ndipo mgonjwa anapojiona amepona. Mbio nyepesi labda mwezi wa nne, paja likikubali. Mpira si kabla ya miezi 9, tena mguu huu ufikishe angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake. Alinitajia utafiti wa 2016: kila mwezi unaousubiri, hadi kufika wa 9, hatari ya kuumia tena inapungua kwa karibu nusu. Nikampigia nahodha pale pale. Alikata simu kabla sijamaliza.

Saa 12 jioni. Barafu ya mfuko kutoka kwa jirani, nimeizungushia kipande cha khanga, iko juu ya goti. Alhamisi ni siku ya kupima, basi nachukua futi yangu ya kazini na kupima mapaja, sentimita 15 juu ya kifuniko cha goti. Wiki ya sita tofauti ilikuwa sentimita tatu na nusu. Leo ni mbili. Naandika kwenye daftari la vipimo, chini ya kanzu ya mzee wa Makorora: kulia 53, kushoto 51.

Kijana wangu wa kazi anachungulia. "Fundi, suruali ya nani hii? Tunakataje?"

Nikamwambia aiache, mwenyewe hana haraka.