Barabara ya kulipia na tenga la nyanya

Hapa Soko la Ilala kila ikitajwa barabara ya kulipia ya Kibaha–Chalinze–Morogoro, wenzangu wanauliza itaisha lini. Mimi nauliza semi, yale malori marefu ya trela, zitapita wapi.

Mradi ni wa kilomita 205, kwa ubia wa serikali na sekta binafsi. Kipande cha kwanza ni Kibaha hadi Chalinze, kilomita 78.9. Barabara ya zamani inabaki kwa asiyetaka kulipa, na hapo ndipo penye hesabu yangu.

Nyanya zangu zinatoka Ilula, kule Iringa. Fuso inapakia mchana, inateremka Kitonga, inapita Mikumi, na alfajiri inatakiwa iwe inashusha sokoni. Balaa linaanzia Chalinze, ikishakutana na magari ya Tanga na Arusha. Kuanzia hapo tunabanana na mabasi, malori ya mchanga, matenki ya mafuta na semi za Zambia, Kongo na Malawi zinazofuata mzigo bandarini. Moja ikiharibika karibu na Ruvu, basi tena. Dereva ananipigia: "Mama, tumelala Vigwaza, hakuna kinachosogea."

Mzigo ukifika jua limeshatoka, wanunuzi wa Buguruni na Tandika wameshachukua mali ya wengine wameondoka. Unafungua tenga: za juu zinang'aa, za katikati zimelainika, za chini zimeshatoa maji mpaka majani yaliyotandikwa yamelowa chapachapa. Dalali haulizi hata. Hayo ni masalo, mabaki ya kuuza kwa hasara, na bei ya masalo unaijua.

Sasa tozo ya semi ikiwa kubwa, tajiri wake atabaki barabara ya zamani. Shaba anayoileta bandarini haiozi, ina haraka gani? Tutabaki na semi yake kulekule, na ile mpya watapita wenye Prado. Kigamboni tuliyaona: Daraja la Nyerere lilifunguliwa 2016, watu wakalalamikia tozo miaka yote hiyo, mpaka serikali ikazipunguza 2022.

Mtaniambia kuna SGR, treni ya reli mpya ya umeme. Ipo, tangu 2024 naipanda nikienda kwa dada Morogoro, na sina mpango wa kurudi kwenye basi. Ila hiyo ninayopanda ni ya abiria, tenga silipandishi mle.

Wa Mlandizi na Chalinze wana lao. Pale foleni ndiyo ajira: mayai ya kuchemsha, korosho, maji baridi, vyote vinauzwa dirishani. Ningekuwa wao ningeshaanza kuuliza magari yatatokea wapi na kuingilia wapi, kabla greda halijafika.

Ningepewa mimi kupanga bei, semi zingelipa kidogo, hasa usiku, ili zihame zote. Prado ningezikamua. Na Fuso yangu ingelipa pia, mradi tozo isizidi hasara ya mzigo kulala Vigwaza. Dereva nimemweleza hivyo, akacheka, akasema anajua hiyo tozo nitaikata kwenye posho yake.